Desemba mtauza nini?

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imetuangukia sisi wa darasa la kompyuta. Najua kuna watu watauliza, kompyuta na historia wapi na wapi? Mtuvumilie kidogo, tutafika.

Tunaanza na pesa. Tuko watu 14. Kila wiki kila mmoja anatoa kwacha 10, na baada ya wiki 22 sanduku lilikuwa na kwacha 3,080. Kwa mtu mwenye duka mjini Nchelenge hiyo si kitu. Kwetu ni viazi ambavyo hatukula, sabuni ambayo hatukununua, bando ambalo hatukuweka. Kwa hiyo tulipoamua kuzifanyia biashara ya samaki wa moshi, tulisema safari hii hatukisii, tutapiga hesabu kwenye Excel kama tulivyofundishwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila wiki wawili wetu wanashuka Kashikishi sokoni, wananunua samaki wa kwacha 1,500. Gari la kwenda na kurudi 180. Ushuru na magunia 40. Huku kambini tunauza kwa 2,100. Faida ni 380 kwa wiki. Tukaandika 52 kwenye kisanduku cha wiki, tukazidisha, ikatoka 19,760. Jamani! Kuna mwenzetu alisimama akaanza kucheza. Mwingine akawa tayari ameshanunua pikipiki kichwani.

Usiku ule ule laptopu ilikuwa bado wazi kwa jirani yetu, mama mmoja ambaye amefanya biashara ya samaki tangu Pweto, kabla ya vita. Kusoma kwake ni kwa shida. Tukamwonyesha ile namba. Akaangalia, akauliza swali moja tu: "Na Desemba mtauza nini, wanangu?"

Tukabaki tunaangaliana. Kila mtoto wa huku anajua kwamba upande wa Zambia uvuvi unafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Tulijua wote 14. Ila kwenye jedwali hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo historia inapoingia, kwa sababu tulikwenda kutafuta hiki kitu tunachojifunza kilitoka wapi, na ziwa hili lilishahesabiwa vipi kabla yetu.

Zamani jedwali la hesabu lilikuwa karatasi pana yenye mistari, na karani mwenye penseli na kifutio. Ukibadilisha bei moja pale juu, ilibidi ufute kila jumla iliyofuata, mpaka chini. Mwaka 1978 huko Marekani, mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard anayeitwa Dan Bricklin alikuwa akimtazama mwalimu wake akihangaika na jedwali la namna hiyo ubaoni. Akawaza ubao unaojihesabu upya wenyewe. Akaungana na rafiki yake Bob Frankston, ambaye aliandika programu yenyewe, wakaiita VisiCalc. Ilianza kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 Excel, ambayo kwanza ilitoka kwa kompyuta za Macintosh. Hayo tunayapitia haraka maana yako kila mahali. La kushika ni moja: sasa mtu aliweza kuuliza "je, bei ikipanda?" na kupata jibu kabla hajamaliza kumeza mate. Modeli ya fedha ni hiyo tu. Unaweka makisio yako kwenye visanduku, fomula zinayashika mkono, kisha unayatikisa uone kama nyumba inasimama.

Shida ni kwamba kisanduku ambacho hukukiandika hakitikisiki.

Sasa turudi kwenye maji yetu. Ziwa Mweru lina nchi mbili. Wakati wa ukoloni Mwingereza alikuwa upande huu, Rhodesia ya Kaskazini, na Mbelgiji upande wa kwetu, Kongo. Migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji kulisha wafanyakazi, na samaki wa Mweru na Luapula ndio waliokuwa karibu. Wafanyabiashara Wagiriki wakajenga makao Kasenga, kwenye mto Luapula. Boti zilikusanya samaki, samaki wakalazwa kwenye barafu, malori yakawapeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wavuvi wa pande zote mbili waliwauzia. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, shaba ikatakiwa zaidi, na samaki wakatakiwa zaidi.

Samaki aliyekuwa mfalme wakati huo aliitwa mpumbu. Vijana wengi wa leo hawajamwona, labda jina tu. Mvua zilipoanza, mpumbu waliondoka ziwani wakapanda mto Luapula kwa wingi kwenda kutaga mayai, wengine hadi kwenye maporomoko ya Mambilima. Ilikuwa rahisi kuwavua hapo: unatega nyavu mtoni, wanakuja wenyewe, wamejaa mayai, na mayai yenyewe ni chakula kizuri. Katika miaka ya 1940 wakavuliwa namna hiyo mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imekufa. Nyavu zilikuwepo, malori yalikuwepo, barafu ilikuwepo, bei ilikuwa nzuri. Samaki hakuwepo.

Sisi tunaiona hesabu ya wakati ule kama tunavyoiona yetu. Kulikuwa na safu ya mafuta, safu ya barafu, safu ya mishahara ya mabaharia. Zile ndizo gharama ambazo mtu alizilipa kwa mkono wake, kwa hiyo alizikumbuka. Samaki aliyeachwa atage hakuwa na bei, basi hakupata safu. Baada ya mpumbu watu wakahamia zaidi kwa pale, na baadaye pale nao wakapungua, na tangu miaka ya 1980 ndiyo tunaona chisense, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Wazee hapa wakiona mashua zenye taa zinang'aa ziwani kama mji, wanafurahi na wanaogopa kwa pamoja. Tunawaelewa.

Msidhani ni wavuvi tu wanaosahau kisanduku. Mwaka 2010 maprofesa wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kuhusu madeni ya nchi, na viongozi wa Ulaya na Marekani wakautumia kusema serikali zipunguze matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alipewa jedwali lao la Excel. Akakuta fomula ya wastani haikuvutwa mpaka chini. Nchi tano ziliachwa nje. Mojawapo ni Ubelgiji. Siku tuliposoma hilo darasani kicheko hakikuisha, maana kwa wazazi wetu Mbelgiji kusahaulika ni habari. Kulikuwa na makosa mengine pia kwenye utafiti ule, lakini hilo ndilo kila mtu alilielewa, kwa sababu kila mtu aliyewahi kuvuta fomula na kipanya ameshalifanya.

Na familia zetu? Mwaka 2000, Desemba, vita vilipofika Pweto, maelfu walivuka kuja Zambia. Baadhi ya wazazi wetu waliishi kambi za Kala na Mwange. Kuanzia 2007 watu wakaanza kurudishwa nyumbani kwa hiari. Wakajenga, wakanunua nyavu, wakaweka akiba. Kama ungeuliza hesabu yao ilisimama juu ya nini, ilisimama juu ya kisanduku kimoja kilichosema "vita vimekwisha". Mwaka 2017 tukavuka tena, safari hii na sisi tukiwa tumebeba wadogo zetu, na Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Hatuwalaumu wazazi. Mtu hawezi kujenga nyumba huku ameandika "vita vitarudi" kwenye kila tofali. Wale waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire wana somo lingine: mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani ziligeuzwa kuwa zaire moja mpya. Ndiyo maana mpaka leo baba akitaja bei kubwa anaitaja kwa dola, hata kama anauza muhogo kwa kwacha.

Basi tukarudi kwenye jedwali letu, pole pole, na yule mama akiwa amekaa pembeni anachambua maharage.

Tukatoa wiki 13 za kufungwa kwa uvuvi. Zikabaki 39, faida ikashuka mpaka 14,820. Mama akauliza kuhusu vibali vya kutoka kambini: kila wiki mnavipata? Hapana, tukisema ukweli ni wiki tatu katika nne. Zikabaki wiki kama 29, ikawa 11,020. Akauliza samaki wanaovunjika gunjani na wanaoliwa na wadudu. Tukaweka sehemu moja ya kumi. Mauzo yakawa 1,890, faida ya wiki ikaanguka kutoka 380 hadi 170, na mwaka mzima 4,930. Kisha akacheka akauliza, "Na wanaokopa?" Hapo kila mmoja alikuwa na jina kichwani, wengine walikuwa humo humo chumbani. Tukaandika kwamba kwa wiki kwacha 150 hazitarudi. Faida ikawa kwacha 20 kwa wiki. Kwa mwaka, 580.

Kutoka 19,760 mpaka 580, na hatukubadilisha bei ya samaki hata mara moja. Gari likipanda kwacha 40 tu wakati wa matope, tunadaiwa.

Tulimuuliza yeye anaishije basi. Akasema Machi hadi Novemba anauza samaki, kwa pesa mkononi tu, hakopeshi mtu hata shemeji. Desemba inapofika anahamia kwenye unga wa muhogo na mafuta ya mawese. Hashuki Kashikishi kila wiki. Wanashirikiana wanawake wanne, anashuka mwenye kibali, ananunua kwa wote, na gari linagawanywa kwa wanne. Yaani alikuwa na modeli nzima kichwani, yenye miezi yote 12, na hakuna mahali ameiandika.

Tumeijaribu ya kwake kwenye jedwali jipya. Mkopo tumeweka sifuri, gari tumeligawanya, Desemba hadi Februari tumeweka unga. Inatoa namba nzuri kidogo, ila hatutaitaja hapa kwa sababu bei ya unga tumeikisia, na tuliona wenyewe ukame wa 2024 ulivyopandisha bei ya mahindi nchi nzima. Wenzetu watano wanasema tuanze na nusu ya sanduku. Wanne wanataka kugawana pesa, kila mtu na zake. Wengine wananyamaza, na mwenye laptopu anasema inahitaji betri mpya kwanza.

Kikao ni Jumamosi saa nane, chini ya ule mwembe. Bei za unga tunaomba mtu yeyote anayeuza atuletee, za Desemba, Januari na Februari zilizopita. Visanduku vyake tumevipaka rangi ya njano, bado viko wazi.