XForms: Fomu iliyotelekezwa na vivinjari, ikalelewa na simu zetu

Mwaka 2025 Google ilitangaza nia ya kuiondoa XSLT, teknolojia ya kubadili sura ya mafaili ya XML (mfumo wa kupanga data kwa lebo), katika kivinjari cha Chrome. Wataalamu wengi wa tovuti walipinga. Mabishano haya yana mizizi mirefu, na yanamgusa hata mkusanyaji takwimu anayepita kaya za Nyalikungu, wilayani Maswa, akiwa na simu yenye ODK au Kobo, programu za kukusanya takwimu. Kila dodoso analojaza ni faili la XML.

XML iliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998. Oktoba 2003 ikaja XForms, fomu ambayo majibu yake hukaa ndani ya XML, hutumwa kwenye seva na kuchanganuliwa huko bila kupoteza mpangilio.

Ugomvi kati ya njia hii ya XML na HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ulilipuka San Jose, Marekani, tarehe 1 na 2 Juni 2004, katika warsha ya W3C. Opera na Mozilla, watengenezaji wa vivinjari, walileta waraka wa pamoja: teknolojia mpya isivunje kurasa zilizopo, na kosa la aliyeandika ukurasa lisimwadhibu msomaji. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu alama moja ya & iliyokaa vibaya huangusha faili zima la XML. Walitaka HTML yenyewe iendelezwe. Kura zikapigwa: 8 waliunga mkono, 14 wakakataa. Walioshindwa hawakusalimu amri. Siku mbili baadaye wakatangaza kundi lao, WHATWG. Rasimu yao ya fomu, iliyohaririwa na Ian Hickson, bado ilikuwa na njia ya kutuma majibu kwa XML, lakini baadaye njia hiyo nayo ikafutwa. HTML5 ilipoidhinishwa Oktoba 2014, haikuwamo.

Kumbe XForms ilishapata kazi kwingine. Programu ya JavaROSA iliiwezesha kusomeka kwenye simu ndogo za Java, na CommCare, iliyojengwa juu yake, ilijaribiwa mapema na wahudumu wa afya ya jamii Dar es Salaam. ODK ilianza mwaka 2008 chini ya Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington. Simu hupakua dodoso tupu, huonyesha maswali, na huhifadhi majibu hata pasipo mtandao. Mtandao ukipatikana, faili hupita kwenye fomu ya kawaida ya wavuti, katika sehemu iitwayo xml_submission_file, na seva hulichanganua. Kobo ikafuata mkondo huo huo.

Historia hii ni yetu pia, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa TEHAMA wanajifunza ya washindi wa wavuti tu. Kobo inaruhusu kupakua dodoso kama faili la XML. Walimu wa Maswa na Bariadi, lifungueni mbele ya wanafunzi wenu.