Mkanda wa Picha Uliopitwa na Muda

Mtaa wa Mbugangari uko Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, mahali ambapo Kiswahili husikika kila siku pamoja na Kinyarwanda, kwa kuwa biashara na undugu havikomei mpakani. Watu wa sehemu hizi wamewahi kuyakimbia makazi yao zaidi ya mara moja: wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na ulipolipuka mlima Nyiragongo miaka ya 2002 na 2021. Akimbiaye hubeba kilicho chepesi. Kikopo cha mkanda wa picha ni chepesi, nacho huweza kukaa sandukuni miaka mingi bila kusafishwa. Je, mkanda huo umekufa?

Jibu letu ni kwamba haujafa. Tarehe iliyopigwa chapa kwenye kasha si tarehe ya kifo, bali ni mwisho wa dhamana ya mtengenezaji. Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe una utando wa gelatini wenye chembe za chumvi za fedha. Mwanga ukizigusa huacha alama isiyoonekana, na dawa ya kusafishia huigeuza kuwa fedha nyeusi. Lakini joto, unyevu na mnururisho wa asili navyo huziamsha polepole chembe ambazo mwanga haukuzifikia. Hizo nazo hugeuka nyeusi ndani ya dawa, zikaifunika picha kwa ukungu.

Historia inatupa ushahidi. Mwaka 1897 Mswidi S. A. Andrée na wenzake wawili waliondoka Svalbard kwa puto, wakielekea Ncha ya Kaskazini, wasirudi. Mwaka 1930 mabaki yao yalionekana katika kisiwa cha Kvitøya, pamoja na mikanda aliyoipiga Nils Strindberg. John Hertzberg aliisafisha mjini Stockholm, akaokoa picha 93. Barafu ilikuwa imeitunza kwa miaka 33.

Gisenyi haina barafu, kwa hiyo uangalifu lazima uwe mkubwa zaidi. Yafaa tutofautishe mikanda ya namna mbili. Ule ambao haujapigwa ni wa kujifunzia: mpiga picha huuongezea mwanga, kisha huusafisha kwa dawa kali kwa muda mfupi, pengine akitia bromidi ya potasiamu kidogo ili kuupunguza ukungu. Ule uliokwisha kupigwa hauongezewi mwanga tena. Huo usijaribiwe na mwanafunzi. Uwekwe mahali pakavu penye baridi, usifunguliwe, hadi apatikane fundi mzoefu.

Mji huu unaijua thamani ya picha. Mwaka 2000, katika makao ya watoto ya Imbabazi yaliyoanzishwa na Rosamond Carr, David Jiranek aliwapa watoto kamera za mkanda, nao wakaonyesha maisha yao kwa macho yao wenyewe.

Basi sisi walimu tuwaombe wanafunzi wawaulize wazee wao kabla masanduku hayajasafishwa na vikopo kutupwa jalalani. Mkanda mtupu hununuliwa tena. Lakini uso wa marehemu ambaye hakupigwa picha nyingine hauna duka.