Kijana wa Nariokotome

Agosti 1984, watafiti wa visukuku walikuwa wamepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku ya mapumziko, Kamoya Kimeu alitoka kutembea. Katikati ya kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cha fuvu.

Uchimbaji uliendelea kwa misimu kadhaa, ukafichua mwili karibu mzima wa mvulana wa jamii ya Homo erectus, aliyefariki takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa na kimo cha sentimita 160 hivi. Kwa kimo tu, ungemdhania mtu mzima. Mifupa ilikataa.

Mfupa wa paja au wa mkono hauanzi ukiwa mfupa. Tumboni mwa mama huwa gegedu, kitu kile kile kinachofanya sikio lijikunje bila kuvunjika. Kuanzia juma la saba au la nane, seli huanza kujenga mfupa katikati ya gegedu hilo, zikiujaza madini ya kalsiamu na fosifeti. Baadaye kila ncha nayo huanza kuwa ngumu kivyake. Kati ya ncha na shina hubaki tabaka jembamba la gegedu, na hapo ndipo tunapoongezeka kimo. Ujana ukiisha, tabaka hilo hugeuka mfupa, ncha hushikana na shina, na kurefuka hukoma. Mtulinga hukawia kuliko yote: upande wake wa kifuani hushikana tukiwa na miaka ya ishirini na kitu.

Ncha nyingi za mifupa mirefu ya mvulana yule zilikuwa hazijashikana. Kwa kipimo cha watoto wa leo, alikuwa na miaka kama 13. Lakini watafiti walipohesabu mistari midogo ya ukuaji inayobaki ndani ya meno, walipata miaka kama 8.

Mjadala kuhusu umri wake haujaisha. Hata hivyo, ikiwa meno yanasema kweli, alikimbilia utu uzima kwa kasi tusiyoijua sisi. Mtoto wa miaka 8 leo yuko darasa la pili au la tatu, na bado anashikwa mkono kuvuka barabara.

Sisi tumepewa miaka mingi zaidi ya kulishwa, kufundishwa na kukosea kabla mifupa haijafunga. Yake haikufunga kamwe, na ndiyo maana tunaweza kulinganisha utoto wetu na wake.