Sinagogi la Mtaa wa Dohány

Katika Mtaa wa Dohány, jijini Budapest, limesimama sinagogi kubwa kuliko yote ya Ulaya. Lilijengwa kati ya mwaka 1854 na 1859, nalo huketisha watu wapatao 3,000. Mbele lina minara miwili yenye kuba zinazofanana na vitunguu, na kuta zake zina mistari ya matofali ya manjano na mekundu, kama majengo ya kale ya Waarabu.

Karne ile wasanifu wa Hungaria, kama wenzao wa Ulaya, walijenga kwa kuiga mitindo ya zamani. Ludwig Förster, aliyechora sinagogi hili, aliona kwamba Wayahudi hawakuwa na mtindo wao wenyewe wa kujenga. Akachukua ule wa Waarabu, aliowahesabu kuwa ndugu zao wa Mashariki. Lakini tukiingia ndani tunashangaa: kuna mimbari mbili, kinanda kikubwa cha mabomba, na sehemu ya kusomea Torati imewekwa mbele, mahali ambapo sisi tungeweka madhabahu. Nje jengo linasema, “Tumetoka mbali.” Ndani linasema, “Sisi ni wenyeji wenzenu.”

Mwaka 1867 sheria ya Hungaria iliwapa Wayahudi haki sawa na raia wengine. Wakaamini. Hata hivyo, mwaka 1944 walihesabiwa tena kuwa wageni. Mtaa ulizungushiwa ukuta, na sinagogi likawa ndani yake. Njaa, baridi na magonjwa viliua wengi. Zaidi ya watu 2,000 walizikwa katika ua wa sinagogi, ingawa desturi ya Wayahudi haiweki makaburi hapo.

Sisi Walutheri tusisome habari hii kama ya wengine. Mwaka 1543 Luther mwenyewe aliandika maneno makali mno dhidi ya Wayahudi. Lakini katika Budapest ileile mchungaji Mlutheri, Gábor Sztehlo, alificha na kuokoa zaidi ya watoto 1,500, wengi wao Wayahudi. Urithi wote miwili ni wetu.

Paulo aliwaandikia Waefeso habari za ukuta uliobomolewa na Kristo. Budapest, ukuta ulijengwa na watu waliobatizwa. Basi tujiulize: yule tuliyemwambia “karibu,” tutasimama upande gani siku watu watakapoanza kumjengea ukuta?