Umesahau Kusema "Niko Kadi"? Hivi Ndivyo Kesi Inaamuliwa Bila Watu Kununiana

Wasee, hii stori inaanza na finje.

Tarehe 26 Disemba tulikuwa watu 16 kwa base ya nduthi hapa Ndara, kila mtu ametoa finje, jumla soo nane. Mshindi abebe soo tano, wa pili soo tatu. Mchezo ni ule ule wa kila siku, kadi. Kuna wenye huuita poka, lakini hauhusiani na ile poka ya kwa filamu. Fainali tukaingia mimi na jamaa mmoja ambaye hunibebanga bure kwenda Voi nikisota. Mkononi nimebaki na kadi tatu: tisa ya maua, sita ya kopa na sita ya uru. Juu ya meza kuna nne ya maua. Nikaweka tisa. Lori likapita huko barabarani likapiga honi, mtu akacheka, mimi nikacheka. Jamaa akaweka tisa ya kopa. Nikashusha sita zote mbili, tap tap, nikasimama nikiwa nimeinua mikono kama nimefunga bao.

"Hukusema niko kadi."

Maze, palichafuka. Mmoja akasema niokote mbili. Mwingine akasema kwao ni nne. Wa tatu akasema nimepoteza gemu yote, nimpe mwenzangu pesa niende nyumbani. Kuna mwenye alisema gemu ishaisha na jamaa alikuwa na mdomo, si angenikumbusha mapema? Jua linashuka, na huku kwetu giza likiingia hukai nje ukibishana, ndovu wakitoka upande wa Tsavo hawaulizi nani alikuwa kadi. Mwishowe mzee wa base akagawa ile doo nusu kwa nusu. Mimi na huyo jamaa tulikaa hadi Februari bila kuongea, na hizo wiki zote niliendanga Voi kwa miguu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma vile wenye mashindano makubwa huamua kesi ya mtu aliyesahau. Niliacha koleji kabla ya kumaliza, kwa hivyo mimi si wakili, lakini hii mada naijua sasa.

Kwanza, kwa wale wageni

Kadi inachezwa hivi kwa meza nyingi za Kenya. Unagawiwa kadi nne (kuna wenye hugawa tatu), unaweka inayofanana na ya juu kwa namba au kwa alama. Mbili inaokotesha mbili, tatu inaokotesha tatu, Joka inaokotesha tano. Jeki inaruka mtu, Kingi inarudisha mchezo ulikotoka. Nane na Kwini ni maswali, lazima uyajibu, na kama huna jibu unaokota. Esi inabadilisha alama na pia inazuia kuokoteshwa. Unamaliza na kadi za kawaida tu: nne, tano, sita, saba, tisa au kumi. Na kabla ya zamu ya kumaliza, lazima uwe umetangaza: niko kadi.

Sasa shika hapa, kwa sababu ndipo ngori yote ilipo. Watu hulinganisha hii na UNO, ile iliyobuniwa na kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, mwaka wa 1971. Kwa UNO unatangaza ukibaki na kadi moja. Kila mtu anaiona hiyo kadi moja. Ukisahau, mtu akikushika kabla ya mchezaji anayefuata kuanza zamu yake, unaokota mbili. Wasipokushika kwa huo muda, umetoroka.

Kwa kadi yetu mambo ni tofauti. Unaweza kushusha kadi kadhaa za namba moja kwa mpigo. Unaweza kuwa na kadi mbili, tatu, hata nne, na bado uko kadi. Mwenye anakuangalia hawezi kuhesabu ajue. Yaani haiwezekani mtu akushike umesahau mpaka ile sekunde unamaliza. Ndiyo maana yule aliyesema "si angenikumbusha mapema" alikuwa anaongea tu. Jamaa angejuaje? Aliona kadi mbili mkononi mwangu, hakuona sita mbili.

Vile wale wa Magic walipambana na hii kitu

Kuna mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka 1993, ukabuniwa na Richard Garfield, mtu wa hesabu kutoka Marekani. Watu hununua kadi, wanapanga pakiti zao, wanaenda mashindano ya pesa nzito. Kadi zake nyingi zina kitu kinaitwa triga: nguvu inayojiwasha yenyewe jambo fulani likitokea. Kwa mfano, kadi inaweza kusema kila mwanzo wa zamu yako uokote kadi ya ziada, au kila ukishambulia mpinzani apoteze uhai mmoja. Hakuna mashine inayokukumbusha. Ukiwa na kadi sita mezani zenye triga, kichwa kinajaa, unasahau.

Je, mpinzani akukumbushe? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndiyo, kama hiyo triga ni ya lazima. Inakaa poa ukiisikia. Lakini fikiria uko fainali, halafu unatakiwa kucheza mchezo wako na pia umchezee adui yako wako wake, na ukinyamaza kidogo jaji anakuangalia vibaya. Mwaka wa 2012 wakabadilisha. Tangu hapo kwa mashindano makali, triga ni mzigo wa mwenyewe. Mpinzani halazimiki kusema kitu. Akinyamaza huku anaona umesahau, hajafanya kosa.

Ukikumbuka ukiwa umechelewa, unaita jaji, na mpinzani ndiye anaulizwa: unataka hii triga iingie sasa ama tuiache? Fikiria nguvu hiyo. Kama ni ya kukusaidia wewe, atasema tuiache, na hapo imeenda. Kama muda umepita sana, kitu kama mzunguko mzima wa zamu, hata haulizwi, mnasonga mbele. Na hamrudishi mchezo nyuma.

Lakini kuna sehemu mbili ambazo hazina huruma. Moja, triga ikiwa ni ya kukuumiza wewe mwenyewe, kuisahau kunakuletea onyo, kwa sababu usahaulifu wako umekulipa. Mbili, ukiikumbuka halafu ukajifanya umesahau, hapo si kusahau tena. Huo ni wizi, na mashindano unatolewa.

Kuna kadi inaitwa Pact of Negation, ya mwaka wa 2007. Unaitumia bure leo kuzuia kadi ya mwenzako. Halafu mwanzo wa zamu yako inayofuata unafaa kulipa mana tano, hiyo ni ile nguvu ya kununulia kadi mezani. Usipolipa, umepoteza gemu. Watu wamekaa na hizo mana tano mbele yao, wakaokota kadi yao kama kawaida, wakasahau deni, na mpinzani akasema tu, "Haujalipa." Gemu kwisha. Hakuna kulia.

Niliposoma hiyo nikakumbuka zile sita zangu.

Hapa ndipo tulikosea Ndara

Magic wanatofautisha vitu viwili ambavyo sisi tulikuwa tunachanganya. Kusahau triga ni shida ya mwenye triga. Lakini kuvunja sheria ya mchezo, tuseme ulitakiwa kuokota kadi tatu ukaokota mbili, hiyo ni shida ya meza nzima. Mpinzani akiona akanyamaza makusudi ili baadaye ajisaidie nayo, naye ana makosa. Na kama hakuona kwa kuzembea, bado anaweza kupewa onyo, kwa sababu kuulinda mchezo ni kazi ya wote wawili.

Chukua hiyo uilete kwa base. "Niko kadi" ni kama triga ya kukuumiza: inawaamsha wengine wakuokoteshe ama wakurudishie. Ni yako. Hakuna mtu anafaa kukukumbusha, na mtazamaji akikunong'oneza aondolewe mezani. Lakini mtu akiwekewa tatu, akawa anaangalia simu, akaweka kadi ya kawaida badala ya kuokota, hiyo ni ya kila mtu. Aliyeweka tatu afaa kusema. Aliye upande wa pili afaa kusema. Hata wewe uliyefurahi kwa sababu huyo jamaa ni beshte yako.

Sasa adhabu. Kwa "niko kadi" nimesikia meza nyingi, na hii ni maoni yangu: ushindi haufai kuhesabiwa, kadi zirudi mkononi, na uokote kitu juu yake. Hiyo ya kuokota ndiyo watu hupinga, wakisema kurudisha kadi inatosha. Haitoshi. Piga hesabu. Kama adhabu ni kusema tu "haya basi, niko kadi" na kungoja zamu moja, basi mjanja atanyamaza kila mara. Akibahatika wasigundue, ameshinda bila kuokoteshwa. Wakigundua, yuko pale pale angekuwa kama angesema. Hapotezi kitu. Adhabu lazima iume zaidi ya faida ya kunyamaza. Mbili inatosha kwa gemu ya kupitisha wakati. Kama kuna doo, tuseme nne, sawa na mkono mpya kabisa. Kupoteza gemu yote naona ni ukatili, isipokuwa mtu amerudia.

Na ukikumbuka ukiwa umechelewa kidogo? Hapo UNO wako na kipimo kizuri. Kama mwenzako hajaanza zamu yake, sema, utakuwa umesema. Akishagusa kadi ya kuweka ama akishaokota, mlango umefungwa. Usiseme "nilikuwa nimesema polepole." Kama haikusikika mezani haikusemwa. Kwa base yenye malori yanapita, paza sauti.

Ile ya kuokota iliyosahaulika ni ngumu kidogo, na hapa mimi na mzee wa base hatukubaliani. Yeye anataka mchezo urudishwe nyuma hadi pale makosa yalitokea. Mkiwa wawili na kadi moja tu imewekwa, sawa, rudisheni. Lakini mkiwa watano na wawili washacheza, mtu ameshaona kadi ya mwenzake, mwingine ameshaokota kutoka juu, hamwezi kurudisha kile watu wameshaona. Mimi nasema hivi: aokote sasa hivi zile alizoruka, mchezo uendelee kutoka hapo ulipo. Na kama zamu yake imeshazunguka ikamrudia na hakuna aliyesema, basi. Meza yote ililala, meza yote inyamaze.

Hata chesi ina kitu kama hii. Mkao uleule ukitokea mara tatu, unaweza kudai sare, lakini ni wewe udai. Usipodai, mchezo unaendelea na mwamuzi hasemi neno. Ukifika mara tano, mwamuzi anaingia mwenyewe na kusimamisha. Yaani kuna haki za mtu binafsi na kuna mambo ambayo mchezo hauwezi kuyaacha yapite.

Kabla hamjagawa

Gemu ya bure haihitaji haya yote. Hata Magic, kwa mashindano madogo ya dukani, majaji huwa wapole, wanakumbushana na kusameheana. Kama ni watoto wanajifunza ama mnapitisha saa mkingoja abiria wa treni, mkumbushe mtu, si vita.

Lakini pesa ikiwekwa chini, hata finje, mambo matatu yasemwe kwa sauti kabla ya kadi ya kwanza kutoka: ukisahau "niko kadi" unaokota ngapi, mlango unafungwa lini, na nani ndiye jaji. Jaji asiwe anacheza, na asiwe amemwekea mtu dau. Sisi tulikosa yote matatu. Mzee wa base, ambaye ndiye aliamua, alikuwa ametolewa nusu fainali na huyo huyo jamaa. Simlaumu, lakini nilikumbuka hiyo baadaye.

Na ukiwa wewe ndiye umeshikwa umesahau, okota. Usianze kuuliza mbona hakuna aliyekukumbusha. Ukiwa wewe ndiye umeshika mwenzako, sema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, halafu umwachie jaji. Jamaa wangu alisema mara moja. Mimi ndiye niliongea dakika ishirini.

Tulirudiana Februari, Jumapili moja, watu wawili tu, bila doo. Kabla ya kugawa akaniuliza, "Ukisahau?" Nikamwambia nne. Raundi ya tatu nikabaki na saba mbili, nikapaza sauti mpaka mama wa chapo akageuka. Akaniwekea Joka.