Hina na nili (rangi za nywele)

Hina na nili ni unga wa majani ya mimea miwili, mhina na mnili, unaotumika tangu kale kutia nywele na ndevu rangi na kuzitunza. Hina peke yake hutoa rangi ya machungwa hadi nyekundu ya damu ya mzee. Ikichanganywa na nili hutoa kahawia, hafifu au ya kukoza kadiri nili inavyozidi; na nili ikipakwa baada ya hina, nywele huwa nyeusi. Rangi zote hizo hupatikana bila dawa ya kiwandani, ingawa si kila unga unaouzwa kwa jina la hina una hina ndani yake.

## Majina

Neno hina ni la Kiarabu. Nili nalo limepitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Kisanskriti, nila, yaani buluu iliyoiva. Wareno wakaiita anil, na kutokana na jina hilo wanakemia wa karne ya 19 wakaunda neno anilini.

Kwa Waswahili wengi wa leo nili ni ile buluu ya kufulia, inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili kanzu na shuka zing'ae. Buluu hiyo kwa kawaida ni rangi ya kiwandani isiyohusiana na jani la mnili, na kichwani haina kazi. Kanta ni jina la jumla la rangi nyeusi ya nywele. Piko ni rangi nyeusi ya kuchorea mikono na miguu. Vyote viwili siku hizi aghalabu ni kemikali.

## Mimea

Mhina (*Lawsonia inermis*) ni kichaka au mti mdogo wa nchi kavu zenye joto, kuanzia Afrika Kaskazini na Arabuni hadi Bara Hindi. Majani yake ni madogo, na maua yake yana harufu nzuri inayotengenezewa mafuta ya kujipaka. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki hupandwa uani au kwenye ua wa shamba, na majani huchumwa, hukaushwa kivulini, hutwangwa na kuchekechwa.

Mnili (*Indigofera tinctoria*) ni wa jamii ya mikunde. Ndugu yake, *Indigofera arrecta*, huota wenyewe Afrika Mashariki na Kusini; katika karne ya 19 ulichukuliwa kutoka Natal hadi Java na kulimwa kwa ajili ya biashara.

## Namna rangi inavyoshika

Ndani ya jani la mhina mna kiini cha rangi kiitwacho lawsoni, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa jani kavu. Kiini hicho kimefungwa pamoja na sukari, nacho hufunguka taratibu majani yanapolowekwa katika maji yenye uchachu kidogo. Kikishafunguka hupenya kwenye gamba la unywele na kujifunga na keratini, protini iliyoujenga unywele wenyewe. Ndiyo maana rangi ya hina haitoki kwa sabuni. Hubaki mpaka unywele ukue na kukatwa.

Nili ina tabia nyingine kabisa. Jani lake halina buluu. Lina indikani, ambayo haina rangi. Likilowa, kimeng'enya kilichomo huivunja indikani, na kinachotoka hukutana na hewa kikawa buluu. Tatizo ni kwamba buluu ikishakamilika haiyeyuki tena katika maji wala haiingii kwenye unywele. Mwenye kupaka nili hushindana na saa: aiwahi ingali inageuka, kabla haijamaliza kugeuka. Hina husubiriwa usiku kucha, nili haingoji hata chai ipoe.

Nywele nyeusi hazigeuki nyekundu kwa hina, kwa sababu hina huongeza rangi na haiondoi iliyopo. Juani huonyesha mng'ao wa wekundu, basi. Mvi ndizo zinazopokea rangi yote.

## Historia

### Misri

Hati ya tiba ya Ebers, iliyoandikwa Misri yapata mwaka 1550 KK, ina dawa kadhaa za kuzuia mvi, mojawapo ikiwa ni damu ya ng'ombe mweusi iliyochemshwa na mafuta. Hina ilikuwa na bahati nzuri zaidi: alama zake zimekutwa kwenye nywele za baadhi ya maiti zilizokaushwa. Mashuhuri kuliko zote ni za Farao Ramses II, aliyefariki mwaka 1213 KK akiwa na umri wa karibu miaka 90. Maiti yake ilipopelekwa Paris kutibiwa mwaka 1976, wataalamu walibishana kama wekundu wa nywele zake ni wa kuzaliwa au ni wa kupaka.

### Uarabuni na Uislamu

Katika Hadithi suala la mvi limeelezwa waziwazi. Siku ya kutekwa Makka, Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa kwa Mtume, kichwa na ndevu zake zikiwa nyeupe kabisa. Mtume aliagiza zibadilishwe rangi, lakini nyeusi iepukwe. Hadithi nyingine husifu hina na katam kuwa ndizo bora za kubadilishia mvi, na Abu Bakr mwenyewe anatajwa kuwa alizitumia zote mbili. Wanazuoni wametofautiana kuhusu weusi, wengine wakiuona haramu, wengine makuruhu, na wapo walioruhusu.

Baadhi ya wafasiri huandika "nili" mahali pa katam. Katam ni mmea mwingine, unaojulikana hasa Yemen, na ukichanganywa na hina hutoa rangi kati ya nyekundu na nyeusi. Yemen hiyohiyo ilikuwa na nili yake, na mji wa Zabid ulisifika kwa kutia nguo rangi hiyo.

### Iran

Waajemi ndio waliozifanya hina na nili kuwa kazi moja yenye hatua mbili. Katika hamamu, mwanamume alipakwa hina kwanza, akakaa nayo kwenye mvuke, akaoshwa ndevu zikiwa za machungwa. Kisha akapakwa rojo la kijani la nili. Alipooshwa mara ya pili ndevu zilikuwa na ukijani wa kutia shaka, zikaendelea kuiva kwa saa kadhaa mpaka zikawa nyeusi tii. Unga huo wa nili waliuita rang, neno lilelile lililoingia Kiswahili likawa rangi.

Mhina wa Iran hulimwa zaidi mkoani Kerman, lakini husagwa Yazd. Vinu vya huko, viitwavyo mazari, vilikuwa na jiwe kubwa la duara lililozungushwa na ngamia.

### Bara Hindi na biashara ya nili

Kuhusu nili maandishi mengi yaliyopo ni ya nguo na siasa. Chini ya Waingereza, wakulima wa Bengali walilazimishwa kupanda mnili badala ya mpunga, kwa mikopo isiyolipika. Mwaka 1859 waligoma, na mwaka uliofuata Dinabandhu Mitra akachapisha tamthilia ya *Nil Darpan* iliyowaanika wenye mashamba. Mwaka 1917 Mohandas Gandhi alikwenda Champaran, Bihar, kusikiliza malalamiko ya aina hiyohiyo. Ilikuwa kampeni yake kubwa ya kwanza nchini India.

Kufikia hapo nili ya shambani ilikuwa imekwisha kupigwa. Mjerumani Adolf von Baeyer alikuwa amefumbua muundo wake mwaka 1883, na kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Baeyer alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1905. Nili hiyo ya kiwandani hutia rangi nguo za jinzi duniani kote; kwa nywele bado linahitajika jani.

### Ulaya na Marekani

Mwimbaji wa opera Adelina Patti hutajwa kuwa ndiye aliyeeneza hina miongoni mwa mabibi wa Ulaya katika karne ya 19. Marekani, nywele nyekundu za mchekeshaji Lucille Ball zilikuwa kahawia kwa kuzaliwa na hina kwa umaarufu.

## Pwani ya Afrika Mashariki

Hina ya pwani husifiwa zaidi kwa maua ya bibi harusi, na nywele zimebaki nyuma katika sifa hizo. Hata hivyo mzee mwenye ndevu nyekundu ni sura ya kawaida msikitini, Mji wa Kale wa Mombasa au Eastleigh, Nairobi, hasa miongoni mwa Wasomali. Nili ilifika zaidi ikiwa ndani ya nguo: kaniki, kitambaa cha buluu iliyokaribia weusi kilichovaliwa pwani hadi bara.

## Matayarisho

Mapishi hutofautiana nyumba hadi nyumba, na kila somo ana lake. Msingi ni huu.

Hina huchekechwa, hutiwa kwenye bakuli la kioo, udongo au plastiki, na kukorogwa na maji ya vuguvugu yenye uchachu kidogo: ndimu iliyozimuliwa, chai ya rangi iliyokolea, au maji ya choya. Rojo liwe zito kama mtindi, lisidondoke kwenye mwiko. Hufunikwa na kuachwa saa 8 hadi 12. Joto la pwani hufupisha muda huo. Dalili ya kuiva ni juu kuwa kahawia wakati ndani bado ni kijani, na tone likiwekwa kiganjani huacha doa la machungwa. Nywele ziwe zimeoshwa na hazina mafuta. Hugawanywa mafungu, hupakwa kuanzia shinani, hufungwa kwa mfuko wa plastiki na kukaliwa saa 2 hadi 4. Mafuta yapakwe pembeni ya paji la uso na masikioni, la sivyo mtu atatembea na utepe wa machungwa wiki nzima.

Nili hukorogwa nywele zikiwa tayari. Maji ni ya vuguvugu matupu, bila ndimu wala chai, kwa kuwa uchachu huipunguzia nguvu; wengi huongeza chumvi kidogo. Baada ya dakika 10 hadi 15 uso wa rojo huanza kuwa na utando wa buluu na harufu ya mbaazi mbichi hupanda. Ndipo hupakwa mara moja, na kuachwa saa 1 hadi 2. Rojo la hina lililobaki huweza kugandishwa kwenye friji likatumika mwezi ujao. La nili hutupwa.

Atakaye kahawia huchanganya marojo hayo mawili muda wa kupaka unapofika: hina 2 kwa nili 1 hutoa kahawia yenye wekundu, hina 1 kwa nili 2 kahawia iliyokoza. Atakaye weusi hupaka hina kwanza, akaosha, kisha nili peke yake. Mvi zikipakwa nili bila hina huishia kuwa na ukijani au ubuluu, na hapo ndipo wengi wanapoilaumu nili kwa kosa la haraka yao.

Rangi haihukumiwi siku ileile. Hina huzidi kuiva kwa siku 2 au 3, nili kwa siku 2, na katika muda huo shampuu huepukwa.

## Kutunza nywele

Hina huufanya unywele uwe mzito kidogo, mgumu na wenye kung'aa. Kwa nywele laini hiyo ni neema. Kwa nywele za kipilipili huweza kulegeza mawimbi, na huziacha kavu, ndiyo sababu hufuatwa na mafuta ya nazi. Wapo wanaotia uwatu uliolowekwa, amla au mtindi ndani ya rojo. Vitu hivyo hulainisha lakini hupunguza ukali wa rangi. Nili haina sifa ya kulainisha, na huongeza ukavu.

## Madhara na udanganyifu

Hina safi ni mpole kwa watu wengi. Haifai kwa watoto wachanga, wala kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa sababu lawsoni huweza kuvunja chembe nyekundu za damu; upungufu huo si haba katika maeneo yenye malaria, pwani ikiwemo.

Balaa kubwa ni ile iitwayo "hina nyeusi". Hakuna mhina unaotoa weusi kwa saa moja. Kinachofanya kazi hiyo ni PPD, kemikali ya rangi za nywele za kiwandani, ambayo ikichanganywa na hina au ikipakwa mwilini ikiwa kali huleta malengelenge, makovu na mzio wa maisha. Nchini Sudan, ambako huchanganywa na hina, madaktari wameandika juu ya wagonjwa waliovimba koo na kuharibika figo baada ya sumu hiyo kuingia mwilini. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa, na hauiruhusu kwenye ngozi.

Paketi nyingine huwa na chumvi za madini. Nywele zilizopakwa unga wa namna hiyo, zikija kutiwa dawa ya kung'arisha saluni, huweza kupata moto na kukatika.

## Siku hizi

India ndiyo muuzaji mkubwa wa hina. Hina ya Sojat, Rajasthan, ilisajiliwa kwa jina la mahali inakotoka mwaka 2021. Unga wa nili wa nywele hutoka zaidi Tamil Nadu. Gramu 100 hutosha nywele fupi. Zinazofika mabegani huhitaji 200 hadi 300. Mnunuzi asome nyuma ya paketi: hina huandikwa *Lawsonia inermis*, nili *Indigofera tinctoria*, na paketi isiyotaja kilichomo ni bora ibaki dukani.