Mto Sanje

Mto Sanje ni mto mdogo wa Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, Tanzania. Hutoka katika msitu wa Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ukateremkia mashariki hadi kijiji cha Sanje, kando ya barabara ya Mikumi–Ifakara. Maji yake ni sehemu ya bonde kuu la Rufiji.

Hauna theluji wala ziwa la kuulisha. Mtaji wake ni mvua. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga ukuta wa milima, zikapanda na kupoa, na mvua ikanyesha. Msitu huipokea na kuiachia polepole. Mwanihana umeshonana bila kukatika kutoka chini ya mita 400 hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jambo adimu Afrika Mashariki.

Pale milima inapokatika ghafla juu ya bonde la Kilombero, mto huporomoka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170 hivi. Wapandaji huoga katika vidimbwi vya huko juu, huku mashamba ya miwa na mpunga yametandazwa chini yao. Ni lazima watembee: hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni ya waenda kwa miguu.

Hata hivyo, jina la Sanje limevuma duniani kwa sababu ya mnyama. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia Mwanihana mlio wa kima asiyejulikana kwa sayansi. Wenyeji walimfahamu: ni ngolaga. Vitabu husema “aligunduliwa” mwaka huo. Kwa haki, tuseme aliandikishwa. Ngolaga wa Sanje (Cercocebus sanjei) hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Udzungwa, na yumo hatarini kutoweka. Hutumia muda mwingi ardhini, akifukua mbegu na wadudu kwenye majani makavu.

Msitu huu wa ngolaga una majirani: mpaka wa hifadhi unapita karibu sana na nyumba za watu. Zamani wanawake wa vijijini waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011, na tangu hapo kuni zimelazimika kutoka kwenye miti ya kupandwa.